Mfupa Wenye Haya

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na kazi?
— Ya siku mbili kwa wiki!
Basi tegeni masikio, wenye ajira na wenye vyeti vitupu.

Hapo kale Bwana Fisi alikuwa na kinu cha kukamulia ufuta. Ngamia walivishwa nira, wakafunikwa macho wasishikwe kizunguzungu, wakakizungusha: kirii-kwaa, kirii-kwaa. Bi Kindi alipepeta ufuta. Mumewe, Mbaruku, alijaza madebe. Fisi, tumbo lisilojua kutosheka, akawapunguzia ngamia majani. Ngamia wakagoma. Akabaki kizee mmoja, wa kuzunguka siku mbili kisha analala tano.

Fisi akaitisha miting. "Ndugu wafanyakazi, hali ni taiti. Nguvu hakuna. Kazi ni siku mbili kwa wiki."

"Mpaka lini, bosi?" akauliza Bi Kindi.

"Bado kidogo tu," akajibu, mdomo umejaa nyama.

Chakula cha siku mbili kitalisha saba? Mbaruku akavuka mto kutafuta kibarua. Bi Kindi akabaki na shati lake, akilinusa mafuta ya ufuta mpaka harufu ikaanza kwisha. Kila asubuhi alitazama mtoni: hakuna mtu. Kila jioni alitenga sahani mbili: hakuna mtu.

Mwezi wa tatu akamwendea Fisi.

"Shikamoo bosi. Nimeuona mfupa, uboho unachuruzika!"

"Wapi, we?"

"Una haya, bosi. Ukiutazama, unakimbia. Lazima wewe ufunikwe macho, uvae nira, uufuate kwa pua."

"Nivishe basi! Unangoja nini?"

Akamvisha. Akautundika mfupa kwenye boriti ya kinu, mbele kidogo ya pua yake. Fisi akavuta. Kirii-kwaa.

"Nimefika?"

"Bado kidogo tu, bosi."

Kirii-kwaa, kirii-kwaa.

"Nimefika?"

"Bado kidogo tu, bosi."

Kinu kikalia Jumatatu, kikalia Jumanne, kikalia wiki nzima. Mlio ukavuka mto. Jumapili Mbaruku akatokea, amekonda, mkia unadondosha maji. Bi Kindi akamkimbilia. Alimshika masikio yote mawili, akamnusa shingoni, hakumwachia.

"Kazi imerudi, mke wangu?"

"Siku zote."

"Na bosi yuko wapi?"

"Yuko kazini."

Hadithi imekamuliwa, mashudu ni yenu. Funzo: msiwaseme mabosi vibaya. Hakuna anayejituma kama wao, na likizo hawaombi.