Kifungo cha Mikono Miwili

Hadithi yaja, ipisheni ipite!

Alikuwako mkunga, Bi Mize, aliyebeba dawa za uzazi katika mkoba wa ngozi. Kila alipopita msituni, zimwi lilimpokonya mkoba, likaufungua, likala dawa zote. Wajawazito wawili wakafa kwa kuzikosa.

Akamwendea Ngwali, mshona mikoba. "Fundi, nitilie kifungo kisichofunguka ovyo."

Fundi akatia kifungo cha pembe. Zimwi likakifungua. Akatia kulabu ya shaba. Zimwi likaifungua. Mara ya tatu fundi akauliza, "Mama, zimwi hilo hufungua kwa mikono mingapi?"

Bi Mize akafikiri. "Mmoja tu. Wa pili umeshika gunia lake la vitu vya wizi. Haliliachi kamwe."

Basi fundi akatia pete mbili, zinazofunguka zikibanwa pamoja kwa mikono miwili. Kisha akausomea mkoba dua usipasuke.

Kesho yake zimwi likavuta, likauma, likatoka jasho. "Bibi, nifungulie!"

"Weka gunia chini, utumie mikono yote."

"Nikiliweka, nani atanilindia?"

"Nitakulindia mimi."

Zimwi lilitamani kumwamini, ila halikujua mtu huaminiwaje. Likamrudishia mkoba, likaenda zake likilia, gunia mkononi.

Bi Mize alilionea huruma, lakini hakusimama. Adhuhuri hiyo mtoto alizaliwa, na mama yake akamnyonyesha mwenyewe.

Nilivyoikuta ndivyo ninavyowaachia.