Ndoo ya Majitaka Mbele ya Bwana Tunzo

Sogeeni. Kesi hii imekishinda kijiji kizima cha Nyamarere, labda ninyi mtaiweza.

Walikuwapo majirani watatu. Wegesa alijaliwa pua isiyodanganyika. Mugeta alijaliwa moyo usiomwogopa tajiri. Nyasungu, fundi wa mabwawa, alijaliwa mikono inayojua kuyatuliza maji.

Mlimani juu yao, Bwana Tunzo alikuwa na kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki. Kila matangi yalipooshwa, maji yenye kinyesi, mabaki ya chakula na dawa yalitiririkia kwenye kijito cha kijiji. Ng'ombe wakagoma kunywa. Watoto wakajikuna hadi damu. Bwana Tunzo akasema, "Maji ya samaki hayana ubaya. Waogesheni vizuri, watapona!" Na wanawe yeye wanaoga maji ya kisima!

Watu wakamwamini, wakalilaumu josho la ng'ombe, eti dawa yake ndiyo inayochafua kijito. Wegesa hakukubali. Alipanda na kijito akinusa, mpaka akakuta bomba limefichwa vichakani. "Njooni mwone uchafu tunaonyweshwa!"

Mugeta akakinga ndoo pale bombani, akaingia nayo kwenye mkutano wa kijiji, akaitua mbele ya Bwana Tunzo.

"Mzee, kunywa."

Bwana Tunzo akarudisha kiti nyuma.

"Si umesema hayana ubaya? Kunywa basi!"

Tajiri akageuza uso. Kijiji kikainuka kwa hasira, na bomba likazibwa siku hiyo hiyo.

Lakini maji yakajaa kituoni, yakapasua ukuta, yakarudi kijitoni. Ndipo Nyasungu akamwendea Bwana Tunzo: "Toa trekta lako lichimbe." Akaelekeza bwawa refu la kutuamisha tope, na la pili akalipanda matete ya kuchuja. Maji yenye dawa akayatengea shimo la saruji, yasiguse kijito. Samaki hawakufa, na ng'ombe wakanywa tena.

Kijiji kikatoa zawadi kwa aliyekiokoa kijito: shamba moja kando ya kijito, dogo lisilogawanyika.

Bwana Tunzo, bila haya, akanyoosha mkono. "Trekta lilikuwa langu!" Akazomewa mpaka akaketi.

"Bila mimi," akasema Wegesa, "mngekuwa bado mnalilaumu josho."

"Bila mimi tajiri huyu angeendelea kuwacheka," akasema Mugeta.

"Na bila mimi," akasema Nyasungu, "leo mngekuwa mnakunywa uchafu ule ule."

Wazee wameshindwa kuamua, na msimu wa kupanda umefika. Je, wewe ungempa nani jembe aanze kulima?