Daktari Aliyekata Simu

Wapendwa, sogeeni mbele. Na wewe mama wa kiti cha nyuma, umbea huo utaumalizia nje. Huu wangu ni mtamu zaidi, ila una uchungu wake.

Kulikuwa na daktari mmoja mwenye zahanati, mtu wa kuchomekea shati hata Jumamosi. Mjini kwao zahanati zilikuwa tatu, na kila moja iliandika habari za wagonjwa kwenye kompyuta kwa namna yake. Ukivuka barabara tu, hujulikani. Wenzake wawili wakamwendea.

"Tukubaliane namna moja ya kuandika. Mgonjwa abebe habari zake kwenye simu yake, amfungulie amtakaye, na zisomeke popote."

Akacheka. "Nifuge kuku mimi, mayai akatage kwenu?"

"Kuku gani, bwana? Hao ni watu!"

Hakutaka. Hata habari za mama yake mzazi, aliyemtibu miaka yote, zilifungiwa mle mle.

Siku moja mama huyo akaenda ng'ambo ya mji kumpa hongera binti wa ndugu yake aliyejifungua. Homa ikamkamata huko, akaanza kuweweseka. Wenyeji wakamkimbiza zahanati ya karibu, na daktari wa pale, mmoja wa wale wawili, akampigia mwanawe. Yule bwana akaiona namba ya mwenzake, akatabasamu. "Wameanza kunibembeleza." Akakata. Ikaita tena, akakata. Mara ya tatu akazima simu kabisa, akaenda zake kunyoa ndevu.

Mniambie, wapendwa: angejua, angekata?

Jioni wenyeji wakamfuata mlangoni kwake. Alipofika kwenye zahanati ile, mama amekwisha kufunikwa shuka mpaka usoni.

"Mlimpa nini?"

"Sindano ya penisilini. Kifua kilimbana, hatukuweza kungoja."

"Penisilini inamdhuru! Mbona niliandika!"

"Uliandika wapi, ndugu yangu?"

Akakaa chini sakafuni, na suruali yake iliyopigwa pasi.

Mnatikisa vichwa? Na sisi je? Mgeni akija na barua ya utambulisho ya kanisa lake, si tunaikunja tukaiweka pembeni, tukamwanzisha upya kama hajawahi kubatizwa? "Waumini wangu, kwaya yangu." Nani katupatia? Habari za mtu ni zake. Sisi tumeshikishwa tu.

Yule bwana siku hizi zahanati zikiitana, anafika wa kwanza, na kila wanachosema anakubali. Wenzake wanamwonea huruma, hata kumtazama wanashindwa. Tukubaliane sisi, wapendwa, wakati mama zetu bado wanapumua.