Udongo Hauna Ukwe

Udongo hauna ukwe. Mmeisikia jana kikaoni mkacheka, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, wala msinikatize. Methali hii ilianza hivi.

Miaka ile mlima wa Mwabulugu ulikuwa umebaki kipara, mifugo imekula hata mizizi. Kijiji kikaamua kuuponya. Lakini mvua za huku mnazijua, hazina msimamo, na ukikosea mwaka umekosea kweli. Basi akachaguliwa Lugata augawe: pa kupanda miti, pa kuzuia mifugo isiingie ili majani yaote yenyewe, pa kuchimba matuta ya kukinga maji. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila mahali alichimba shimo la kuingia mkono hadi kiwiko, akalowesha udongo, akaufinyanga kiganjani. Ukimomonyoka ni luseni, mchanga. Ukigoma kuchimbika ni ibambasi, ule mgumu ambao maji hayaupenyi.

Akafika chini, kwenye kipande cha Mbuke, mama mkwe wake, mjane. Na Mbuke mwenyewe yumo, ameinama anafyeka miiba. Loo! Zamani zile mtu na mama mkwe wake hawakukaribiana hata kidogo. Lugata akageuza uso, akabaki njiani. Alikuwa ameona weupe wa udongo kwa jicho la pembeni, akatangaza, "Hapa ni luseni. Pandeni miti." Akapita, moyoni akijisifu kwa adabu yake.

Mbuke akaamini. Akawapeleka mbuzi wake kwa ndugu wa mbali, wajukuu wakakosa maziwa, akapanda miche. Kiangazi kizima akabeba maji kichwani. Maji yakatuama juu, jua likayanywa. Miche ikafa yote. Majirani walipomcheka aliwajibu, "Mkwe wangu hawezi kukosea. Ni mimi sina mkono wa kupanda."

Minza, mke wa Lugata, akayaleta maneno hayo nyumbani. Chakula kikamshinda mumewe. Alijua fika kwamba pale hakuchimba. Angeweza kunyamaza, na mama wa watu angeubeba uzembe wake mpaka kaburini.

Watu walipokusanyika kuukagua mlima, akashika jembe akaingia moja kwa moja shambani kwa mkwewe. Watu wakaguna. Mbuke akajifunika kitenge usoni. Jembe likagonga, likaruka. Lugata akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Hii ni ibambasi. Nilikuonea haya, nikasimama njiani nikasema nisichokijua."

Mbuke, bado kajifunika, akasema taratibu, "Baba, si ungeniambia nikupishe? Ningekupisha."

Hapo ndipo Lugata alipolia mbele za watu, mtu mzima mwenye ndevu. Kumbe lilikuwa neno moja tu!

Matuta yakachimbwa, kipande kikafungwa, majani yakarudi kidogo kidogo. Na tangu siku hiyo, mpimaji akiona haya kuingia shamba la mtu, wazee humwambia abishe hodi, aombe apishwe, achimbe. Udongo hauna ukwe.