Kanga Tatu za Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi ambayo hata wewe unayesikiliza ulikuwa umeshazaliwa, paliondokea mama mmoja kijana, jina lake Sikudhani. Alikuwa mpole, mwenye haya. Wakikusanyika watu watatu mbele yake, sauti ilimpotea. Alikuwa na binti mmoja wa miaka minne aitwaye Mwajabu, na mimba ya miezi saba.

Mwajabu akaugua. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Tumbo likavimba upande wa kushoto, shingo ikawa nyembamba kama bua, mpaka mtoto akawa hawezi kushika kikombe. Hospitali wakasema ni homa ya wengu. Wakampa dawa ya kwanza, haikumsaidia. Wakampa ya pili, haikumsaidia. Daktari akamwita Sikudhani pembeni, akamwambia, "Mama, kuna dawa mpya, ya manjano. Hiyo ndiyo tuliyobakiwa nayo."

Mwajabu akainywa siku ishirini na moja. Siku ya tisa aliomba uji. Siku ya kumi na mbili aliomba uji tena, akaununia, akasema hauna sukari. Sikudhani akatoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akalia kwa furaha. Mtoto aliyekuwa hafungui macho sasa anadai sukari!

Siku ya kuruhusiwa alijikaza akauliza, "Daktari, dawa hii ametengeneza nani?"

Daktari akampa karatasi sita zilizobanwa pamoja. Ilikuwa makala ya wataalamu, imejaa michoro ya pembe sita kama sega la nyuki. Sikudhani hakuelewa hata mstari mmoja, ila chini kabisa aliona anwani.

Sasa, kwao Sikudhani kuna desturi. Mtu akikutendea jambo usiloweza kumlipa, unampa mtoto wako jina lake. Mtoto akitimiza siku saba hutolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza, naye hufungwa kanga iliyoletwa na somo wake, yaani yule mwenye jina. Somo ni mmoja tu. Ndiye atakayemfunda mtoto akikua, na ndiye atakayekaa mbele siku ya harusi yake.

Basi Sikudhani akaandika barua. Aliinakili mara tatu ili asikosee herufi. "Kwako mtengenezaji wa dawa ya manjano. Mwanangu amepona. Nikijifungua mtoto wa kike nitampa jina lako. Tafadhali njoo siku ya saba, uje na kanga."

Akajifungua salama, mtoto wa kike. Mumewe akapeleka habari kwenye anwani ile. Siku ya saba asubuhi gari likasimama mbele ya nyumba. Akashuka mwanamke wa kwanza, ana kanga mkononi. Akashuka wa pili, ana kanga mkononi. Akashuka wa tatu, ana kanga mkononi.

Bi Mwatumu, mama mkwe, akachungulia dirishani. "We Sikudhani! Uliandika barua ngapi?"

"Moja, mama."

"Mbona wamekuja watatu?"

Wakakaribishwa mkekani, wakapewa chai na vitumbua. Mtoto amelala mapajani mwa mama yake, hana habari. Bi Mwatumu akauliza, "Haya, mtengenezaji wa dawa ni yupi kati yenu?"

Wote watatu wakajibu pamoja, "Ni mimi."

Aliyeanza kusema alikuwa mrefu, mwenye miwani, sauti ya chini. "Naitwa Mkunde. Barua yako ilifika kwenye maabara yangu, na kwa kuwa haikutaja jina la mtu, tuliisoma sote watatu. Mimi ni mtaalamu wa kemia. Kazi yangu ni kuunda dawa kutoka vitu vidogo vidogo, kama mtu anavyosuka ukili mpaka akapata mkeka. Nilisuka miaka saba, hatua kumi na moja. Nilikuwa natafuta unga mweupe. Nikaupata, na haukumponya mtu yeyote. Lakini katikati ya kazi ile ilitokea chupa moja iliyoharibika, ikageuka manjano. Nilikaa nayo miezi sita nikiichunguza mpaka nikajua imejengeka vipi. Wenzangu wakaniambia, 'Mkunde, chupa hiyo iache nje ya makala yako, watu watakucheka.' Nikaiandika. Vipimo vyote, hatua zote, ili mtu yeyote aweze kuitengeneza. Na kweli nilichekwa. Mwaka ule walipandishwa vyeo wengine." Akamtazama mtoto. "Mimi sikujaliwa mtoto. Bila makala yangu, dawa ya manjano isingejulikana hata na panya. Jina ni langu."

Wa pili hakusubiri hata Mkunde anywe chai. Alikuwa mnene, mcheshi, kanga yake nyekundu kama pilipili. "Hiyo chupa iliyoharibika, Dokta, si ungewaambia ameiharibu nani? Mimi hapa, Stumai, fundi wa maabara yake! Sikilizeni, jamani. Dawa ile ilitakiwa kukaa kwenye barafu kwa muda wa saa nne, huku natia dawa nyingine tone moja moja. Mashine yetu ya barafu ilikuwa mbovu, kwa hiyo barafu nilikuwa naifuata kwa muuza samaki. Siku hiyo nikamkuta muuza samaki ana habari za harusi ya mpwa wake. Bibi harusi kakimbia na mpiga picha!"

"Lo!" Bi Mwatumu akasahau shughuli. "Na mpiga picha?"

"Ndiyo, mama, na pesa za picha keshachukua! Sasa habari kama ile unaikatisha vipi? Narudi, barafu yote maji, chupa imepata joto, manjano tupu. Dokta alikuwa safarini. Ningeimwaga kwenye sinki nikaanza upya, nani angejua? Mkono wangu ulishafika sinki. Lakini sheria ya maabara ni kwamba kila kitu kinaandikwa kwenye daftari. Nikaandika: 'Leo nimekosea. Barafu imeyeyuka nikipiga soga za harusi kwa muuza samaki.' Nikaihifadhi chupa. Dokta aliporudi alinigombeza sana. Ni uongo, Dokta?"

"Ni kweli," Mkunde akasema. "Nilikugombeza."

"Kwenye makala majina ya wakubwa yako juu, mimi wamenishukuru mwishoni kwa maandishi madogo kama sisimizi, unasoma kwa kukodoa macho. Sidai. Lakini bila kosa langu, na bila kulikiri, manjano ingetoka wapi? Jina ni langu, shoga yangu Sikudhani, mpe Stumai!"

Watu wakacheka. Wa tatu hakucheka. Alikuwa mfupi, ana mvi chache, amekaa wima. "Naitwa Asteria. Nachunguza damu na vijidudu vyake, mji mwingine kabisa. Mimi kemia si kazi yangu. Lakini nilikuwa nasoma makala za kila mtu, kwa sababu wagonjwa wa homa ya wengu walikuwa wanakufa mikononi mwangu. Makala ya Dokta Mkunde ilikuwa na miaka miwili tangu itolewe, hakuna aliyejali ukurasa wa mwisho. Chupa yao ilikuwa kabatini, imeshika vumbi. Wao wenyewe hawakujua kuwa ni dawa. Nikaomba chembe kidogo. Nikaijaribu kwenye damu, vijidudu vikafa. Nikaijaribu kwa panya. Kisha miaka minne kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao, nikikaa kando ya vitanda vyao, nikihesabu mapigo ya moyo. Makala uliyopewa, mama, niliandika mimi na Mkunde pamoja. Bila mimi, ile ilikuwa rangi tu. Jina ni langu."

Mwajabu akapita katikati yao akikimbiza kuku, akachukua kitumbua, akapotea uani. Wanawake wote watatu wakageuka kumtazama. Stumai mwenyewe, msemaji, alijipangusa uso kwa ncha ya kanga yake.

Sikudhani akataka kushukuru. Sauti ikampotea, akaitafuta, ikaja kidogo. "Mama zangu," akasema, "mimi nilidhani dawa inatengenezwa na mtu mmoja. Nimefurahi sana kwamba nilikosea." Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, nimpe majina yote matatu?"

"Thubutu!" Bi Mwatumu akasema. "Mtoto hafungwi kanga tatu, na hafundwi na watu watatu, atachanganyikiwa. Somo ni mmoja. Wewe ndiye mwenye nadhiri, chagua wewe. Na fanya haraka, jua litakuwa kali."

Mlango ukafunguliwa. Majirani walikuwa wamejaa nje wakisubiri kulisikia jina. Sikudhani akasimama kizingitini na mtoto wake mikononi. Mbele yake zilinyooshwa kanga tatu: ya aliyekosea akakiri, ya aliyeandika akachekwa, ya aliyesoma akaamini.

Nami nimewaleteni mpaka hapo kizingitini, wasikilizaji wangu, kwa sababu tangu siku ile watu wa kijiji kile wanabishana, na kila mmoja ana lake.

Je, nani alistahili jina la mtoto yule?