Bangili Iliyoingia kwa Mafuta ya Mbarika

Sogeeni, nyie mnaopenda ubishi. Leo nawaletea kesi, na mkishindwa kuiamua msinilaumu mimi.

Huko milimani Upare palikuwa na watu watatu. Shangazi Navoneiwa alikuwa na mkono wa kupanda. Hata fimbo kavu akiichomeka, inachipua. Mama mdogo Nangena alijua kutoa mafuta kwenye mbegu. Mzee Senkondo, jirani yao, alikuwa fundi wa kulainisha ngozi. Ngozi ngumu ya ng'ombe akiishika yeye, unaikunja kama kanga.

Basi Namkunda, binti wa kaka yake Navoneiwa, akaposwa na kijana aliyempenda. Ikawa shangwe, mpaka bibi yake alipotoa bangili ya shaba. Kwa desturi ya ukoo wao, bibi harusi havuki kizingiti bila bangili hiyo, na ni mwiko kuikata. Namkunda akaijaribu, ikagoma kwenye gumba. Mikono yake ilikuwa ya jembe, mipana na mikavu, na harusi ilibakiza siku tano. Akalia sana.

"Nyamaza, mjukuu wangu," bibi akasema. "Atakayefanya bangili hii iingie, mtoto wako wa kwanza ataitwa jina lake."

Shangazi Navoneiwa akaleta kikapu cha mbegu za mbarika. Miaka sita majirani walimsakama aukate mti ule, wakisema mbegu zake ni sumu, zitaua watoto. Yeye aliuzungushia miiba, akautunza.

Nangena akazikaanga zile mbegu, akazitwanga, akazichemsha kutwa nzima, moshi ukimtoa machozi, huku akiengua mafuta kidogo kidogo. Makapi yenye sumu akayafukia mbali, kuku wasiyafikie.

Mzee Senkondo naye akaupaka mkono wa Namkunda mafuta yale, asubuhi na jioni, akiukanda kama anavyokanda ngozi zake. Siku ya harusi akalikunja gumba ndani ya kiganja, akasukuma taratibu.

"Babu, unaniumiza."

"Vumilia kidogo, imeshapita."

Bangili ikateleza mpaka kifundoni. Vigelegele vikasikika hadi bonde la pili, na Namkunda akavuka kizingiti akicheka.

Mwaka haujaisha, akajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina, wote watatu wakafika mapema.

"Bila mti wangu mngekanda nini?" akauliza shangazi.

"Mbegu ungempaka?" akajibu Nangena. "Zingemuua tu."

"Mafuta yalikaa chunguni," akasema mzee. "Nani aliyeyafikisha mkononi?"

"Na msichana ataitwaje Senkondo?" akadakia shangazi.

"Kwani jina langu lina ubaya gani? Atazoea."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Namkunda hakucheka. Aliwapenda wote watatu, na jina ni moja tu. Wali umeiva, hakuna anayeruhusiwa kula kabla jina halijatamkwa, na bibi amemkazia macho.

Haya, watu wa ubishi, mlio na njaa na msio na njaa: mtoto huyu aitwe nani?