Mabakuli ya Bwana Fungo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nimesema!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Wewe Machano, meza kwanza huo muhogo, usije ukapaliwa hapa. Sogeeni. Hadithi ya leo inatisha, na atakayelia asiende kumwambia mama yake kwamba ni mimi niliyemliza.

Palikuwa na mji, msiniulize uko wapi, na watu wa mji huo walikuwa na ada yao. Ukipika kitu kizuri, unampakulia jirani bakuli moja. Na jirani harudishi bakuli tupu. Atatia ndizi mbili, atatia wali, na kama hana kitu kabisa atatia chumvi ya kiganja. Bakuli likirudi tupu, huo ugomvi.

Basi kila mtu alirudisha, isipokuwa Bwana Fungo.

Bwana Fungo alikuwa tajiri. Tajiri wa kutisha! Mashamba yake, visima vyake, ng'ombe wake, mpaka njia ya kwendea sokoni ilikuwa yake. Nyumba yake ilikaa juu kilimani, imezungushiwa ukuta. Na kichwani daima ana kilemba kikubwa kilichomshuka hadi mabegani. Jua liwake, mvua inyeshe, hakivui.

Watu walimpelekea mabakuli, na mabakuli hayakurudi. Mnadhani walikasirika? Thubutu! Walijisifu.

"Bakuli langu liko kwa Bwana Fungo," anasema huyu.

"Langu mimi la kaure liko kwa Bwana Fungo," anasema yule.

"Mimi nina matatu kwa Bwana Fungo, na sufuria juu!" anasema Mzee Pandu, jumbe wa mji. Na kwake watoto wanakulia kwenye majani ya mgomba kwa kukosa vyombo.

Mabakuli yalipokaribia kwisha, Bwana Fungo akaanza kutaka watu. Anataka wa kumpikia, anataka wa kumfagilia, anataka wa kumpepea. Kijana wa kwanza akapanda kilimani, hakurudi. Wa pili akapanda, hakurudi. Wa tatu akapanda, hakurudi.

"Kafanikiwa," wakasema wazazi. "Akishazoea maisha yale, huku atarudi kufuata nini? Dagaa?"

Siku moja zamu ikafika kwa Siwema. Siwema alikuwa mjane, muuza vitumbua, na alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti yake Mize. Mji mzima ukampongeza, akapigiwa vigelegele. Na Siwema naye, tusimfiche, alifurahi. Alimsuka Mize nywele, akamfunga kanga mpya, akamsindikiza hadi langoni. Alishuka kilima anajiona.

Ikapita wiki. Ukapita mwezi. Salamu hakuna. Siwema vitumbua vikaanza kumuungulia. Akimimina unga kikaangoni, anamkumbuka Mize. Akivigeuza, anamkumbuka Mize. Akaenda kwa Mzee Pandu.

"Shikamoo, mzee. Nataka nikamwone mwanangu."

"Marahaba. Ukamwone ili iweje? Umtie aibu na moshi wako huo?"

"Hata salamu hajatuma, mzee. Naogopa."

"Huo wivu, Siwema! Unamwonea kijicho mwanao mwenyewe! Bwana Fungo kapata kwa jasho lake. Akisikia maneno haya akatususa, tutakula nini?"

"Kwani sasa tunakula nini?"

Mzee Pandu akatema mate, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi kesho yake Siwema akachoma vitumbua, akavitia kwenye bakuli lake la mwisho, akapanda kilima adhuhuri, jua la utosi. Lango akalikuta wazi. Hapana mlinzi. Hapana mbwa. Hapana hata kuku. Palikuwa kimya.

"Hodi!"

Kimya.

Akaingia chumba cha kwanza. Mabakuli! Yamepangwa mpaka darini, yamerambwa, matupu yote. Akaliona lake, akaona na sufuria ya Mzee Pandu.

Akaingia chumba cha pili. Kanga, mashati, viatu. Kanga ya binti wa mfinyanzi, yule wa pili kupanda. Shati la kijana wa kwanza kabisa kupanda kilima. Siwema akazijua nguo zile moja moja, na haja ndogo ikamtoka amesimama. Ndiyo, cheka, Machano. Wewe ungezimia.

Akaingia chumba cha tatu. Bwana Fungo kakaa chini, kaupa mlango mgongo, na kilemba kakivua. Kisogoni, jamani! Kisogoni ana mdomo! Mdomo wa pili, mpana kutoka sikio hadi sikio, una meno safu mbili. Na unasema:

"Bado! Bado! Bado!"

Pembeni kwake yuko Mize, kafungwa kamba miguu na mikono, hai, macho yamemtoka. Alipomwona mama yake akatingisha kichwa tu, kama anayesema kimbia.

Siwema hakukimbia. Si kwa ushujaa, miguu ilikataa.

Bwana Fungo akageuka. Uso wa mbele ulikuwa unalia.

"Umekuja kunisifu?" akauliza.

"Nimekuja kumwona mwanangu, bwana."

"Huyu ndiye wa mwisho niliye naye. Sitaki, mama, lakini utafanyaje? Nilikuwa mtu kama wewe. Bakuli la kwanza sikulirudisha kwa uvivu tu, na kisogo kikaniwasha. Watu wakanisifu, pakatoboka tundu. Wakanisifu tena, tundu likaota meno. Sasa nisipoulisha mdomo huu utanila mimi. Naogopa kuliko wewe."

"Mbona hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kila nikishuka, wananiimbia."

"Bado!" ukanguruma mdomo. "Nipe msichana! Nipe msichana! Nipe msichana!"

Bwana Fungo akanyoosha mkono kumshika Mize. Siwema akapiga ukelele, akamtupia bakuli mapajani. "Nimekuletea vitumbua, bwana! Anza na vitumbua!"

Vikaenda kisogoni kwa mkupuo mmoja. "Bado!"

Siwema akili haifanyi kazi tena. Na mtu akili ikimruka, husema lile alilozoea kusema. Akanyoosha mkono, akasema kama anavyosema kwa jirani yeyote:

"Haya, nirudishie bakuli langu. Na lisirudi tupu."

Bwana Fungo akashtuka. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumdai Bwana Fungo bakuli.

"Nikutilie nini?" akauliza.

"Mwanangu."

"Usitoe!" ukapiga kelele mdomo. "Usitoe! Usitoe!"

"Siwezi, mama. Nikitoa kimoja, vyote vitaondoka."

"Nirudishie bakuli langu, bwana, na lisirudi tupu."

Mikono ya Bwana Fungo ikaenda kwenye kamba, ikarudi. Jasho linamchuruzika. Mdomo unang'ata ng'ata hewa, unatafuta bega lake.

"Nirudishie bakuli langu, Fungo. Lisirudi tupu."

Bwana Fungo akafumba macho, akakata kamba, akamsukuma Mize. "Mchukue! Mchukue upesi!"

Siwema akamshika mwanawe wakakimbia. Nyuma yao wakasikia mdomo unamla mwenyewe. Bega, krach! Kifua, krach! Miguu, krach! Kisha kukawa kimya. Hawakugeuka.

Mjini wakapokewa kwa matusi. "Umemuudhi tajiri wetu! Umetukatia riziki!" Mzee Pandu akaongoza watu kilimani kwenda kuomba radhi. Wakarudi na mabakuli yao na nguo mikononi. Hakurudi kijana hata mmoja. Hapo ndipo mji ukalia kilio chake, mama kwa mama, nyumba kwa nyumba, na waliosema kafanikiwa walijipiga vifua.

Mnadhani walijifunza? Matanga hayajaisha vizuri, Mzee Pandu huyo mlangoni kwa Siwema na bakuli la pilau.

"Mama mkubwa, nyumba ya kilimani sasa ni yako. Usijisumbue kulirudisha."

Akaja na mwingine. Na mwingine. Na mwingine. Wanamwita mama mkubwa, wanainama, wanaimba. Na Siwema, mimi siwadanganyi, akaona raha. Tangu azaliwe nani aliwahi kumwinamia? Mabakuli akayapanga pembeni ya mlango. Nitayarudisha kesho, akasema. Kesho ikawa kesho kutwa.

Siku moja Mize anamsuka, mkono ukasimama.

"Mama."

"Nini?"

"Hapa kisogoni una kidonda?"

"Pananiwasha tu."

"Mama, pana tundu."

Siwema akajishika. Kidole kikaingia. Ndani ya tundu, kitu laini kikakilamba.

Alipiga ukelele mpaka ng'ombe wakakata kamba! Akazoa mabakuli yote, akatia kila alichokuwa nacho, unga, sukari, chumvi, akatoka mbio nyumba hadi nyumba, nywele nusu zimesukwa nusu wazi. Watu hawataki kupokea.

"Kaa nalo tu, mama mkubwa, ni heshima yetu," akasema Mzee Pandu.

"Mimi si mama mkubwa! Mimi Siwema wa vitumbua! Shika bakuli lako, baba, nakuomba, shika!"

Akamshikisha kwa nguvu. Na akamshikisha wa pili, na wa tatu, mpaka mikono yake ikabaki mitupu. Akakaa chini katikati ya njia, akamwambia Mize, "Tazama."

Mize akatazama. Tundu limefumba. Siwema akamkumbatia mwanawe, akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwimbia.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami pumzi zimeniishia. Funzo lake ni hili: mwenye vingi asiyerudisha, msimwimbie, maana nyimbo zenu ndizo zinazomuotesha meno. Mwendeeni mchana, mmwambie kwa adabu, bakuli langu liko wapi? Haya, amkeni. Na hayo mabakuli ya watu hapo jikoni, nani anayapeleka?